Subira Huvutwa kwa Kamba

Wahenga walisema subira huvuta heri. Ni wazi hawakuwahi kumiliki pikapu.

Pikapu ya Shangazi iliitwa Subira. Jina hilo lilichorwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele na marehemu mama yake, enzi ambazo gari lilikuwa na taa zote na mama alikuwa na meno yote. Lakini miezi hii ya karibuni Subira hakuvuta heri yoyote. Alivutwa yeye, kwa kamba, nyuma ya trekta la taka, mikate ikiwa imepangwa vizuri kwenye makreti na Shangazi ameshika usukani, kidevu juu, kama malkia anayepelekwa uhamishoni.

Jumatano hiyo alizima tena, na palepale: katikati ya mwinuko wa kwenda shule ya bweni, mkabala na kibanda cha muuza magazeti. Alianza kwa kukohoa. Akatetemeka. Akapata nguvu ghafla, kama mgonjwa aliyesikia urithi ukitajwa, kisha akanyamaza kabisa.

"Usinifanyie hivi," Shangazi alimwambia. "Leo usinifanyie."

Subira akamfanyia.

Shangazi akavuta breki ya mkono, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafunga mlango kwa kishindo, akaanza. Alianza na kiwanda kilichomuunda. Akaja kwa meli iliyomleta. Akamwita mlafi wa petroli asiye na fadhila, sufuria la kutu, kaburi la vipuri. Akamuuliza kama anadhani mikate itapanda mlima kwa miguu. Akamkumbusha tairi mpya alizonunuliwa na Shangazi huyu huyu, ambaye viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeachama kama mamba. Alipokwisha, akapanda, akapiga stata, na Subira akawaka kana kwamba hapajatokea neno.

"Nilisema mimi!" muuza magazeti alipaza sauti. "Gari hilo halinywi mafuta. Linakunywa matusi!"

Mtaa mzima uliamini hivyo, na hata Shangazi alikuwa ameanza kuamini. Siku aliyotukana kwa kifupi, gari liligoma. Siku aliyotukana kwa kina, liliwaka. Kama hiyo si sayansi, basi sayansi ijitokeze ijieleze.

Mtu ambaye hajawahi kulala bwenini ataona mkate kuchelewa ni jambo dogo. Asamehewe, hajui alisemalo. Uji wa bwenini bila mkate si chakula, ni adhabu iliyotiwa maji. Shangazi alipofika, wanafunzi walikuwa kwenye foleni wakigonga vikombe kwa vijiko, na Bwana Stoo, mtunza ghala wa shule, alisimama getini na uso wa mtu aliyegongewa vikombe tangu alfajiri.

"Shangazi, leo tena?"

"Gari, Bwana Stoo. Si mimi, ni gari."

"Watoto hawali sababu." Akashusha sauti. "Nimeshampigia simu kaka yako. Uniwie radhi. Nilifikiri mwanamume mwenzangu atanielewa."

"Mwanamume mwenzako ameoka mkate gani?" Shangazi alifoka. "Nitajie mmoja tu! Hata ulioungua nitaukubali!"

Bwana Stoo akajifanya kuhesabu makreti.

Huyo kaka alikuwa mkaguzi wa shule, na alistaafu kazi bila kuustaafu ukaguzi. Mtaani aliitwa Mkaguzi, mbele yake na nyuma yake. Alikagua chumvi mezani, alikagua fundo la kamba ya kuanikia nguo, alikagua tarehe kwenye boksi la dawa ya meno. Mama yao alipofariki alimwachia Shangazi tanuri, na Subira akawaachia wote wawili. Maneno "wote wawili" Mkaguzi aliyafasiri hivi: gari ni langu, wewe utaliendesha.

Miezi michache nyuma, Mkaguzi aligundua kwamba petroli ilikuwa inakwisha haraka, akatangaza kwamba kuna mwizi anayeinyonya kwa mpira. Haikumpitikia kuwa yeye mwenyewe alimchukua Subira kila alasiri kwenda kwa kinyozi kuzungumza siasa. Safari zake hazikuwa safari, zilikuwa ukaguzi. Basi akatupa kifuniko cha zamani cha tangi, akanunua kipya chenye kufuli. Na kwa kuwa hakuwa na imani hata na kiwanda, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakipachika ndani ya kifuniko, ili hata harufu isitoroke. Ufunguo akautundika shingoni. Kuanzia hapo Shangazi alinunua petroli kwa jasho lake, akaipeleka na dumu mpaka uani kwa kaka yake, akasimama pale kama mwombaji, akisubiri mwenye shingo atoke, afungue, amimine, afunge.

Tena, kwa kuwa geji ya mafuta ilikuwa imekufa zamani, Mkaguzi hakuendesha kamwe bila kufungua tangi na kuzamisha kijiti. Alikuwa na kijiti chake maalumu, kimechongwa kikachongeka. Alikitazama kama daktari anayesoma homa, akakifuta kwa leso, akafunga kifuniko, ndipo aondoke. Na kweli, hakuzimikiwa hata siku moja.

"Ndiyo maana nasema gari ni zima," alisema jioni ile ya Jumatano, akimimina petroli ya dada yake kwa madaha. "Tatizo ni mguu."

"Mguu wa nani?"

"Unakanyaga mafuta kama unakanyaga mende. Gari ni hesabu, mdogo wangu. Wewe unaendesha kama unakanda unga."

Mke wa Mkaguzi, yaani wifi yake Shangazi, alikuwa barazani na sinia la mchele, akichagua mawe. "Wifi yangu ana mkono mzuri wa mkate," alisema kwa upole wa sindano. "Kila mtu na kipaji chake. Mdogo wangu mimi huendesha taratibu, hata kuku hawashtuki."

Shangazi akawatazama wote wawili. Akaona jambo limeshapikwa, linapakuliwa tu.

"Jumamosi ni siku ya wazazi pale shuleni," Mkaguzi akasema, akifunga kifuniko na kukaza kwa nguvu zote. "Mikate nitaipeleka mwenyewe. Subira akipanda mlima ule bila kuzima, itakuwa imethibitika. Funguo za gari zitakaa kwa shemeji yangu. Wewe utabaki na tanuri, yeye atakupelekea."

"Kwa malipo kidogo," Wifi akaongeza, akatupa jiwe.

Shangazi alirudi kwake na dumu tupu, akiongea peke yake njia nzima. Kulipia usafiri kwenye gari la mama yake! Kumpungia mkono mdogo wake Wifi, "baba, nisaidie kunipitishia mikate", kwenye gari ambalo yeye mwenyewe alijifunza kuliendesha miguu ikiwa bado haifiki vizuri kwenye breki! Mbwa waliokuwa njiani walimpisha.

Alhamisi alimpeleka Subira kwa Fundi Kesho, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuimaliza leo. Fundi Kesho alikuwa ameshabadilisha chujio la mafuta. Alikuwa ameshaosha kabureta. Alikuwa ameshafungua pampu akaifunga tena, akabakiwa na skrubu moja ambayo alisema haikuwa na kazi tangu mwanzo. Kila mara Subira aliwaka vizuri gereji, na kila mara kesho yake alizima mlimani.

"Shangazi, nimefikiria sana," alisema, kichwa ndani ya boneti. "Mafuta hayafiki mbele. Yaani yanafika, halafu hayafiki."

"Hilo hata muuza magazeti analijua!"

"Basi tumekubaliana."

"Na tangi? Umewahi kuangalia tangi?"

"Tangi lina kufuli, na ufunguo uko shingoni kwa Mkaguzi. Mimi natibu kuanzia pampu kwenda mbele. Huko nyuma ni mambo ya ukoo." Akajikuna sikio kwa bisibisi. "Lakini, Shangazi, usinichukie. Mguu wako..."

"Kaka amekupigia simu?"

Fundi Kesho akarudisha kichwa ndani ya boneti.

Maneno aliyoambiwa hapo hayawezi kurudiwa. Yatosha kusema kwamba fundi mwenzake wa jirani alizima redio ili asikie vizuri, na kwamba Ijumaa asubuhi Shangazi aliamka hana sauti. Ilikuwa imekwisha yote.

Kwa hiyo Subira alipokohoa mlimani, akatetemeka na kunyamaza, Shangazi hakuweza kumwambia kitu. Alifungua kinywa, kikatoka kitu kama mlango unaohitaji grisi.

"Shangazi, vipi leo, husemi?" muuza magazeti akauliza. Shangazi akamwonyesha koo. Mtu yule, kwa moyo wa ujirani, akajitolea kumtukania, lakini Shangazi akakataa kwa mkono. Kazi ya ustadi haikabidhiwi mwanagenzi. Akakaa kwenye usukani, mikono imekunjwa, amenuna, akimtazama Subira kwa macho tu. Muda aliozoea kuutumia kutukana ukapita kimya. Akapiga stata.

Akawaka.

Ungemwona ungedhani atafurahi. Hapana. Alikasirika kuliko siku zote. Yaani ufasaha wake wote, kile kiwanda, ile meli, mamba na kaburi la vipuri, vyote havikuwa na kazi? Gari halikuwa likimsikiliza hata kidogo! Lilikuwa likijisubiria tu, kama mtu anayepumzika, na yeye alikuwa akimpigia kelele mgonjwa usingizini. Lakini hasira ina faida yake: haimwachi mtu asinzie. Alipofika getini alikuwa ameshafika kwenye swali lenyewe. Kama dawa si maneno, dawa ni muda. Na katika muda ule, kuna kitu gani kinachofika mahali ambapo hakikuwapo?

Jibu alilipata jikoni kwake mchana huohuo, akiwa na hamira mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na debe jipya la mafuta ya kupikia. Akalipiga msumari pembeni, akaliinamisha juu ya karai. Mafuta yakatoka, yakasitasita, yakakata. Akalitikisa. Yakatoka kidogo, yakakata tena, na debe limejaa tele.

"Toboa na upande wa pili, mjinga wewe," alijiambia kwa sauti ya mkwaruzo, kama alivyoambiwa na mama yake tangu utotoni. "Litapumua na nini?"

Akapiga msumari wa pili. Hewa ikaingia huku, mafuta yakashuka kule, yamenyooka kama kamba. Shangazi akayatazama yakishuka. Karai likajaa. Likafurika. Mafuta yakamfikia kwenye vile viatu vilivyoachama, na bado alikuwa amesimama, kwa sababu mbele ya macho yake hapakuwa na debe tena. Palikuwa na tangi, limejazwa mpaka shingoni, limefungwa kwa kufuli, limezibwa kwa tyubu ya baiskeli.

Alifika kwa kaka yake na aproni bado kiunoni.

"Nipe ufunguo wa kifuniko," alisema kwa sauti ileile ya mkwaruzo.

"Wa nini? Tangi tulijaza juzi."

"Gari linakosa pumzi, Kaka. Ile tyubu yako haipitishi hewa. Injini inavuta mafuta, nyuma hakuingii kitu, mwisho mafuta yanakwama. Wewe huzimikiwi kwa sababu kila ukitaka kuondoka unafungua ili uzamishe kijiti chako. Unalipatia pumzi bila kujua!"

Mkaguzi akamtazama kwa huruma ya mtu anayesahihisha mtihani mbaya.

"Wifi," akasema Wifi kutoka barazani, "kumbe gari lina mapua?" Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Na likipiga chafya tutajua," Mkaguzi akaongeza, na hapo Shangazi akahisi masikio yake yakipata moto kama milango ya tanuri. Alinunua petroli yeye. Alikwama mlimani yeye. Fundi alilipwa na yeye. Na sasa, akiwa ameshika jibu mkononi, anachekwa na watu waliofungia pumzi ya gari lake shingoni!

"Basi kesho usifungue," alisema.

"Nini?"

"Kesho usifungue tangi. Tia tyubu yako, kaza kufuli lako, acha kijiti chako nyumbani. Ukipanda mlima, funguo mpe shemeji yako, na mimi nitamwandalia kiti. Ukizima, na ikawa dawa ni kufungua kifuniko, funguo zote mbili ni zangu. Wa gari na wa shingoni."

"Sitafungua," Mkaguzi akasema kwa hadhi.

"Mbele ya mkeo?"

"Mbele ya yeyote!"

Jumamosi Mkaguzi alivaa suti. Fundi Kesho alipanda nyuma pamoja na makreti, akiwa shahidi, na Shangazi akakaa kushoto kwa dereva, kimya kama mkate uliomo tanurini. Kabla ya kuondoka, mkono wa Mkaguzi ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko, kwa mazoea. Akaukuta pale, akaurudisha mfukoni kama mtoto wa mtu mwingine.

Aliendesha vizuri, tukubali. Aligusa mafuta kwa ncha ya kiatu. "Unaona mguu?" aliuliza sokoni. "Unaona mguu?" aliuliza darajani. Katikati ya mwinuko alianza kusema "Unaona" mara ya tatu, Subira akakohoa.

Akatetemeka. Akapata nguvu ghafla. Akanyamaza.

Pembeni walikuwa wakipita wazazi waliovaa nguo zao za sikukuu, na wote wakageuza shingo. Mkaguzi akapiga stata. Hakuna. Akapiga tena. Fundi Kesho akaruka chini, akafungua boneti, akasema ni pampu.

"Mtukane, mzee!" muuza magazeti akashauri. "Bila kutukanwa haliendi!"

Mkaguzi, ambaye maishani mwake hakuwahi kutukana bila maandalizi, akashuka, akasimama mbele ya Subira, akarekebisha tai. "Wewe," akasema. "Gari. Usiyekuwa... na nidhamu."

Subira hakuona sababu ya kujibu.

"Fungua kifuniko," Shangazi akasema dirishani.

"Mafuta yamo!"

"Najua yamo, niliyanunua mimi! Fungua!"

Akainama na suti yake, akachomeka ufunguo bila kuutoa shingoni, sikio likiwa karibu na tangi, hivyo hakuna aliyesikia vizuri kuliko yeye. Kifuniko kilipoachia, tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa sauti, ndefu, ya kina, kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Mama mmoja mzazi aliyekuwa akipita akasema, "Pole." Shangazi akanyoosha mkono kwenye usukani, akapiga stata, Subira akawaka papo hapo.

"Sadfa," Mkaguzi akasema.

"Haya. Basi funga."

Akafunga, akakaza mpaka mishipa ikamtoka. Wakapanda, mikate ikafika, vikombe havikugongwa, na Bwana Stoo akampa Mkaguzi mkono wa pongezi, jambo ambalo Shangazi alilimeza kama kidonge bila maji. Wakateremka. Mkaguzi alikuwa ameanza kupiga mluzi. Wakapita darajani, wakapita sokoni, na mbele ya kinyozi, pale penye benchi la wazee wenzake wa siasa, mmoja akiwa na povu nusu ya uso, Subira akakohoa.

Shangazi alikunja mikono, akatazama mbele.

Benchi zima lilikuwa likitazama. Mkaguzi akakaa kidogo na usukani wake. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akashuka, akazunguka nyuma, akainama, akafungua kifuniko. Pumzi ile ndefu ikasikika mpaka ndani kwa kinyozi.

Aliporudi dirishani, Shangazi alikuwa ameshahamia kwenye usukani, kiganja kimenyooshwa nje. Mkaguzi akaivua kamba ya ufunguo shingoni. Ikakwama kwenye sikio. Fundi Kesho akamsaidia kuitoa.

"Lete na hicho kifuniko," Shangazi akasema. Akang'oa tyubu ya baiskeli, akaitupa mtaroni. Fundi Kesho akasema kifuniko hakitoshi hivyo, kinahitaji tundu dogo, na angelitoboa kesho. Shangazi akamnyang'anya msumari na nyundo, akatoboa leo. Kisha akaondoka na gari la mama yake, akiwaacha wanaume wawili kandokando ya barabara, mmoja na suti, mmoja na bisibisi.

Tangu siku hiyo Subira hajazima. Mtu angesema hapo haki imetendeka, tukalale. Lakini haikupita hata wiki, habari zikamfikia Shangazi kutoka kwa kinyozi: Mkaguzi alikuwa akisimulia benchini jinsi yeye, baada ya ukaguzi wa kina, alivyosikia gari likikosa pumzi kwa sikio lake mwenyewe.

Damu ilimchemka tena, akashika ufunguo akamseme hadharani. Alifika mlangoni. Akasimama. Akarudi kwenye meza ya mikate, akatafuta msumari.

Siku ya tatu asubuhi Wifi alifika kwa Shangazi, mkate mkononi, amekunja uso.

"Wifi, mikate yenu hii vipi? Huu ni wa tatu. Kila ukija kwetu una tundu, limetokeza upande wa pili. Ukipaka siagi inadondokea kwenye suruali ya kaka yako."

"Ni ili upumue, wifi yangu," Shangazi akasema. "Muulize Kaka. Aligundua mwenyewe."